Mnakili na Amana

Kunakili ni kazi ya kale, na swali linaloizunguka ni la kale vile vile. Mtu anapokitwaa kitu kilichofanywa na mwingine akakitolea mfano wake, yawezekana anakiokoa, na yawezekana anakiiba. Mkono ni ule ule, na kwa macho kazi ni ile ile. Tofauti haionekani katika kitendo. Imo katika nia ya mtendaji, katika hali ya kitu chenyewe, na katika uaminifu ambao kitu hicho kinatendewa. Kwa sababu hiyo si rahisi kumhukumu mnakili kwa kumtazama tu akiwa kazini. Hapana budi kuuliza ananakili nini, kwa ajili ya nani, na baada ya kunakili anasema nini juu ya alichokifanya.

Swali hili lina mfano wa siku hizi ambao, japo waonekana mdogo, wastahili kupimwa. Wako watu, wengi wao Marekani, Japani na Ulaya, ambao uraibu wao ni kuhamisha filamu za zamani kutoka katika diski kubwa za leza na kuzitia katika DVD wanazozitengeneza wenyewe nyumbani. Hawalipwi. Hutumia usiku na siku zao za mapumziko, na fedha yao wenyewe, kwa kazi ambayo jirani zao huiona kuwa ya kitoto. Lakini ndani ya kazi hiyo mna maswali ambayo wanafalsafa hawajayamaliza: ni nani mwenye kazi ya sanaa ikishatolewa hadharani, je, mtungaji aweza kulifuta neno alilokwisha kulisema, na mtunzaji wa kitu cha mwingine ana wajibu gani.

Diski ya leza yataka kuelezwa kwanza, maana vijana wengi wa leo hawakuiona. Ni sahani ya plastiki yenye kipenyo cha sentimita 30, sawa na santuri kubwa ya muziki, lakini hung'aa kama kioo. Iliuzwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Atlanta, Marekani, mwezi wa Desemba 1978. Ilikuwa matunda ya kazi ya kampuni ya Philips ya Uholanzi na kampuni ya MCA ya Marekani. Baadaye kampuni ya Pioneer ya Japani ndiyo iliyoilea kuliko nyingine zote. Ndani yake mna tabaka jembamba la aluminiamu lenye vishimo vidogo mno, na vishimo hivyo husomwa kwa mwanga wa leza. Watu wengi hudhani kuwa kila kisomwacho kwa leza ni cha dijitali, yaani kimeandikwa kwa hesabu za moja na sifuri. Sivyo. Picha ya diski hii ni ya analogi: urefu wa vishimo na nafasi zilizo baina yake hubadilika kwa kufuata mawimbi ya picha yenyewe, kama mfuo wa santuri unavyofuata mawimbi ya sauti.

Upande mmoja wa diski huchukua dakika 60. Katika namna iliyo bora zaidi, ambayo kila picha moja hupewa mzunguko wake mzima, upande huchukua dakika 30 tu, na diski huzunguka mara 1,800 kwa dakika katika nchi zinazotumia mtindo wa televisheni wa Marekani. Mwenye kutazama filamu ndefu ilimlazimu kuinuka mara kwa mara aigeuze diski au aibadilishe. DVD ilipotokea Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, ikiwa na kipenyo cha sentimita 12 na bei nafuu, diski ya leza haikuweza kushindana. Filamu mpya zilikoma kutolewa kwa diski hizo Marekani mwaka 2000 na Japani mwaka 2001, na mwaka 2009 Pioneer ilitangaza kuacha kuzitengeneza mashine za kuzichezea.

Kitu kilichoachwa na soko hakifi siku ile ile. Hufa pole pole. Mashine zilizobaki zimezeeka, leza zake zimefifia, na vipuri ni shida kupatikana. Diski nazo zina ugonjwa wao. Kila diski ni nusu mbili zilizogandishwa kwa gundi. Pale ambapo gundi au plastiki haikuwa njema, hewa na unyevu hupenya hadi kwenye aluminiamu, na aluminiamu huliwa. Wapenzi wa diski hizi huita hali hiyo kuoza. Huanza kwa vidoadoa vya rangi vinavyometameta juu ya picha kama vumbi katika mwanga wa jua. Vidoa huongezeka, sauti hukwaruza, na mwisho wake picha haisomeki tena. Hakuna dawa ya kukirudisha kilichokwisha kuliwa.

Pengine mtu atasema kuwa hasara si kubwa, kwa kuwa filamu hizo zimehamishiwa katika DVD na wenyewe. Nyingi zimehamishwa, lakini si zote. Na katika zilizohamishwa, kilichohamishwa si kile kile sikuzote. Filamu moja yaweza kuwa na matoleo kadhaa, yenye urefu mbalimbali na sauti iliyochanganywa kwa namna mbalimbali, na toleo lililopendwa na watazamaji wa zamani lisitolewe tena. Tena diski ya leza ndiyo iliyozaa desturi ya kuitia filamu maelezo ya mtaalamu yanayosikika sambamba na picha: mfano wa kwanza ulikuwa filamu ya King Kong ya mwaka 1933, iliyotolewa kwa diski na Criterion mwaka 1984. Maelezo ya namna hiyo ni elimu, na elimu iliyokaa juu ya kitu kinachooza imo safarini kupotea.

Basi mwenye uraibu huu huketi kazini. Huisafisha diski kwa kitambaa laini, huiweka katika mashine, na kuunganisha mashine na kompyuta. Haraka haimo: filamu ya saa mbili huchukua saa mbili kunaswa, na ikiruka mahali kwa sababu ya uchafu au mkwaruzo, huanza tena. Rangi na mwanga, ambavyo katika diski vimechanganywa katika wimbi moja, hapana budi vitenganishwe kwa chujio. Picha za sinema hupita 24 kwa sekunde, na televisheni ya Marekani huonyesha kama 30. Picha zilizorudiwa ili kuijaza tofauti hiyo zaweza kutambuliwa na kuondolewa. Pande za diski huungwa ili kiungo kisionekane. Mwisho picha hushindiliwa iweze kuenea katika DVD ya gigabaiti 4.7, huandikwa, na kutazamwa yote tangu mwanzo hadi mwisho kwa kutafuta makosa. Asiyeipenda kazi hii hawezi kuimaliza.

Shutuma ya kwanza inayomkabili mnakili ni ya wizi. Filamu ina mwenyewe, na sheria za hakimiliki humpa mwenyewe mamlaka ya kuruhusu au kukataza nakala. Mnakili hujitetea kwa kusema kuwa hamdhuru mtu, kwani mwenye filamu haiuzi tena. Utetezi huu hautoshi. Mtu anayeingia katika nyumba ya mwenziwe iliyo tupu, akaketi barazani na kuondoka bila kuvunja kitu, hakumdhuru mwenye nyumba. Walakini hakupewa ruhusa, na kutodhuru si mamoja na kuruhusiwa. Anayetaka kujitetea hana budi kutafuta hoja iliyo nzito kuliko hiyo.

Sheria nayo haitoi jibu lililo wazi. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kuwa mtu anayenasa kipindi cha televisheni nyumbani kwake ili akitazame baadaye havunji haki ya mwenye kipindi. Uamuzi ule ulihusu matangazo ya hewani, na hauwezi kunyoshwa tu mpaka ufunike kila nakala ya kila kitu. Mwaka 1998 nchi hiyo ilitunga sheria inayokataza kuvunja kufuli za dijitali ambazo DVD nyingi hufungwa nazo. Lakini diski ya leza haina kufuli ya namna hiyo. Hivyo mnakili husimama katika uwanja ambao mipaka yake haikuchorwa vizuri. Mtu wa hila hufurahi katika uwanja kama huo, kwa kuwa hawezi kushikwa. Mtu mwema huona mzigo wake umeongezeka, maana pasipokuwa na amri ya nje hulazimika kujiamuru.

Hoja iliyo nzito ni hii. Aliyeinunua diski hakununua plastiki. Alinunua uwezo wa kuitazama filamu fulani kila alipotaka, na muuzaji alimuuzia uwezo huo kwa ahadi kuwa ni wa kudumu. Plastiki ikioza, na muuzaji asiwe na nyingine ya kumuuzia, mnunuzi anayehamisha kilichomo akakitia katika chombo kizima anakitunza alichokilipia. Hazidishi mali yake; anaizuia isipungue. Lakini hoja hii ina mpaka ndani yake yenyewe. Yamtosha anayejitunzia, haimtoshi anayegawa, na humhukumu anayeuza. Nakala ikishatiwa bei, mnakili hawezi tena kusema kuwa alisukumwa na huruma kwa kitu kinachopotea. Na pale ambapo mwenyewe anaiuza filamu ile ile, katika hali njema, kwa bei ya haki, udhuru wa kuwagawia wengine umekwisha hata kama hakuna senti iliyopokewa.

Wizi si jambo zito kupita yote hapa. Zito zaidi ni haki ya mtungaji juu ya neno lake mwenyewe. Mwaka 1977 George Lucas alitoa filamu ya Star Wars, ikatazamwa duniani kote. Mwaka 1997 aliitoa upya baada ya kuibadili: alitia picha mpya, viumbe vipya, na kuyapanga upya matukio kadhaa. Badiliko lililozungumzwa kuliko yote ni la sekunde chache. Katika toleo la kwanza, Han Solo, mfanya magendo, ameketi mezani na mtu aliyetumwa kumkamata, naye anamwahi na kumpiga risasi. Katika toleo la 1997 yule mwindaji ndiye anayepiga kwanza, anakosa, kisha Solo anamuua. Sekunde hizo zimembadili mtu mzima: aliyeua kwa kuwahi amekuwa aliyeua kwa kujitetea. Hadithi inayofuata, ya mtu mbinafsi anayejifunza kuwafaa wengine, haianzi tena mahali pake pa kwanza.

Lucas alikuwa na hoja, na haki yadai isikilizwe. Mwaka 1977 hakuwa na fedha wala vyombo vya kufanya yote aliyoyakusudia. Alipovipata, alitaka kuimaliza kazi aliyoiona kuwa nusu. Kuna fundi gani asiyetamani kuirudia kazi yake ya ujana? Mshairi huyapiga msasa mashairi yake kabla ya kuyachapisha upya, na hakuna amlaumuye. Haki ya kusahihisha ni haki ya kweli. Lakini haki ya kusahihisha ni moja, na haki ya kufuta ni nyingine. Mshairi anapotoa diwani jipya, lile la zamani hubaki katika rafu za wasomaji na za maktaba. Hawezi kwenda nyumba kwa nyumba akikusanya kurasa. Msomaji aliyeguswa na neno la kwanza, neno lile limekuwa sehemu ya maisha yake, na maji yakimwagika hayazoleki. Katika sinema, nakala njema zimo ghalani mwa kampuni, na kampuni ikilifunga toleo la zamani, ni kana kwamba halikuwapo.

Yafaa kukumbuka kuwa Lucas mwenyewe aliwahi kuutetea urithi huu. Mwaka 1988, katika siku ambazo filamu za rangi nyeusi na nyeupe zilikuwa zikitiwa rangi na matajiri walionunua haki zake, alikwenda mbele ya Bunge la Marekani na kuonya kuwa kazi za sanaa zikibadilishwa bila kizuizi, kizazi kijacho hakitaijua historia yake. Alisema juu ya watu wanaoharibu kazi za wengine, wala hakusema juu ya mtungaji anayebadili yake. Kwa hiyo kumwita mnafiki ni kumwonea. Lakini hoja aliyoitoa ilikuwa kubwa kuliko shabaha yake. Ikiwa filamu ni urithi wa watu, basi watu wana sehemu ndani yake, hata mbele ya mtungaji. Mwaka 1989 Star Wars iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa, na iliyostahili wakati ule ilikuwa ile ya zamani, kwa kuwa ya 1997 haijatengenezwa bado.

Hapo ndipo diski ya leza ilipopata maana ambayo waliyoibuni hawakuifikiria. Mwaka 1993 toleo la zamani lilikuwa limetolewa kwa diski hizo, na diski zilizokwisha kuuzwa hazikuweza kurudishwa. Katika nyumba za watu binafsi palikuwa na ukurasa ambao mkono wa mwenyewe haukuufikia. Wapenzi wa filamu waliuhamisha ukurasa huo katika DVD zao. Mwaka 2006 kampuni yenyewe ilipokubali kulitoa toleo la zamani katika DVD, kama nyongeza kando ya lile jipya, asili iliyotumia ilikuwa ile iliyotengenezwa kwa ajili ya diski za 1993. Jambo ambalo wanyonge walilifanya nyumbani kwa vyombo dhaifu lilifanywa na mwenye mali kwa asili ile ile. Na mwezi wa Juni 2025 British Film Institute ilionyesha mjini London nakala ya sinema ya mwaka 1977 iliyotunzwa ghalani mwake. Kama toleo la zamani lingekuwa takataka, hakuna taasisi ambayo ingelitunza miaka karibu 50.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumvika mnakili taji. Lakini ipo filamu nyingine inayouliza swali gumu zaidi, kwa kuwa mwenyewe hakuificha kwa kuipenda mpya. Aliificha kwa sababu ya aibu. Mwaka 1946 kampuni ya Walt Disney ilitoa Song of the South, iliyojengwa juu ya hadithi ambazo mwandishi wa gazeti wa Atlanta, Joel Chandler Harris, alizikusanya kutoka kwa watu weusi waliokuwa watumwa. Shujaa wa hadithi hizo ni sungura mdogo anayewashinda wakubwa kwa hila. Mtoto wa Afrika ya Mashariki akizisikia atamtambua sungura huyo bila kuambiwa jina lake, na wataalamu wengi wamezinasibisha hadithi hizo na Afrika. Lakini filamu ilizitia hadithi katika shamba la mabwana ambamo weusi huimba na kuridhika, kana kwamba utumwa haukuacha kidonda. NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kiliishutumu mwaka ule ule ilipotoka.

Kampuni iliionyesha kwa mara ya mwisho katika majumba ya sinema ya Marekani mwaka 1986, na haikuiuza kamwe kwa matumizi ya nyumbani nchini humo. Mwaka 2020 mkuu wa kampuni alisema kuwa haifai kuonyeshwa siku hizi hata ikitanguliwa na onyo. Lakini Japani iliuzwa kwa diski ya leza, na kutoka katika diski hizo zimetoka DVD nyingi za nyumbani, ambazo zina maandishi ya Kijapani chini ya picha nyimbo zinapoimbwa. Je, mnakili wa filamu hii ni mtunza historia, au ni mchukuzi wa tusi?

Wanaotaka ifichwe wana haki yao. Tusi lililotiwa asali huingia moyoni mwa mtoto bila kutafunwa, na aliyetukanwa halazimiki kuvumilia litangazwe kuwa burudani kwa ajili ya mapenzi ya wakusanyaji. Hata hivyo kuficha hakufichi tusi peke yake. James Baskett, mwigizaji mweusi aliyekuwa mkuu wa filamu hiyo, hakuweza kuhudhuria onyesho lake la kwanza mjini Atlanta, kwa kuwa ubaguzi wa rangi ulimfungia milango. Mwaka 1948 alipewa tuzo ya heshima ya Oscar, wa kwanza kupata tuzo hiyo miongoni mwa waigizaji wanaume weusi, na mwaka huo huo akafa. Filamu ikifichwa, kazi ya mtu huyu hufichwa nayo; atakuwa amefungiwa mlango mara mbili. Tena aliyetenda kosa akiuficha ushahidi wake hajatubu, amejipunguzia mashahidi.

Kutunza, basi, si kusifu. Maktaba hutunza hati za mauzo ya watumwa, na hakuna adhaniye kuwa inaisifu biashara ile. Lakini maktaba haimkabidhi hati hiyo mtoto akaichezee. Hapa wajibu wa mnakili huonekana kuwa mpana kuliko alivyodhani: hatoshi kuwa mwaminifu kwa filamu, hana budi kuwa mwaminifu kwa atakayeipokea. DVD hiyo akimpa mwanafunzi wa historia pamoja na maelezo, ameitimiza amana. Akiiwasha sebuleni mbele ya watoto bila neno, amelitoa tusi upya kwa mkono wake, na hawezi kumlaumu aliyelitunga zamani.

Lipo pia jaribu la siri linalompata mnakili akiwa peke yake mbele ya kompyuta. Picha ya diski ya leza haikatiki kwa ukali kama picha za leo. Rangi zake huchuruzika kidogo, na chembechembe za sinema huonekana kama mchanga mwembamba. Programu za kompyuta zaweza kuyaondoa hayo. Mnakili huongeza ukali kidogo, huondoa chembechembe kidogo, hutia wekundu uliofifia nguvu kidogo, na kila mara hujisifu kuwa ameirudisha filamu ilivyokuwa. Lakini ilivyokuwa wapi? Katika kumbukumbu yake, ambayo nayo imezeeka kama diski. Chembechembe zikiondolewa kwa nguvu, nyuzi za nywele na makunyanzi ya uso huondoka pamoja nazo. Yale maandishi ya Kijapani yakifunikwa, alama ya mahali ilikotoka nakala imepotea. Mtu aliyemshutumu Lucas kwa kuibadili kazi yake mwenyewe yumo mbioni kuibadili kazi ambayo si yake. Wa kwanza alikuwa na haki ya mtungaji. Huyu wa pili hana hata hiyo.

Wanakili wa zamani walilijua jaribu hili. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki tenzi nyingi zimewafikia wasomaji kwa mikono ya watu kama Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ambaye alinakili hati za Kiswahili kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner na William Hichens. Mnakili wa hati, akiwa mshairi mwenyewe, hukutana na mstari anaouona hafifu na kalamu imo mkononi. Akiurekebisha bila kusema, wasomaji wote wa baadaye watadhani ni neno la mtungaji. Ndiyo maana desturi njema ya wanakili wa hati za Kiarabu na za Kiswahili ilikuwa kuacha mwishoni maneno machache: jina la aliyenakili, tarehe, na ombi la kusamehewa makosa. Maneno hayo hutenganisha sauti ya mtungaji na mkono wa mnakili. Mwenye DVD ya nyumbani aweza kuifuata desturi hiyo bila gharama: aandike nakala imetoka katika diski ipi, ya nchi gani, ya mwaka gani, na ni kitu gani kimebadilishwa. Kosa lililotajwa laweza kurekebishwa na atakayekuja. Kosa lililofichwa huwa ukweli wa uwongo.

Na hata mnakili mwaminifu hana budi kukiri kuwa hawezi kukihifadhi kitu milele. DVD inayoandikwa nyumbani hutumia tabaka la rangi ya kikemia badala ya vishimo vilivyopigwa kiwandani, na rangi hiyo hufifia. Tena kushindilia picha ni kutupa sehemu yake: kilichotupwa hakirudi. Mwaka 1986 BBC ya Uingereza, katika kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, iliyakusanya maisha ya nchi ile katika diski mbili za leza, kwa msaada wa watu zaidi ya milioni moja. Haikupita miaka 20, mashine za kuzisoma diski hizo zikawa adimu, na wataalamu wa vyuo vikuu wakalazimika kufanya kazi kubwa ili zisomeke; ilhali kitabu cha mwaka 1086, kilichoandikwa kwa wino juu ya ngozi, kilisomeka kama kawaida. Funzo hilo limewafikia wenye uraibu. Katika miaka ya karibuni baadhi yao wameacha kunakili picha iliyokwisha kupikwa na mashine. Hunasa mawimbi mabichi yanayotoka kwenye leza na kuyahifadhi yote, kisha huyafasiri kwa programu kama ld-decode, ambayo iko wazi kwa kila mtu kuikagua. Wanasema, kwa kitendo, kuwa atakayekuja huenda akajua zaidi, na hivyo asinyimwe asili kwa sababu ya ujuzi mdogo wa leo.

Katika unyenyekevu huo ndimo jibu lilimo. Mwizi hukitwaa kitu akakiita chake. Mtungaji anayefuta hukiita chake hata baada ya kukitoa. Mnakili mwema hakiiti chake wakati wowote: amekipokea kutoka kwa aliyekwenda, na anamshikia atakayekuja. Amana haimpi mtu haki ya kukiuza, wala ya kukipamba apendavyo, wala ya kukificha. Humpa wajibu wa kukifikisha. Ikiwa mtu aliyeketi usiku mbele ya diski inayooza aweza kujizuia na bei, akajizuia na sifa, akajizuia na mkono wake mwenyewe unaowasha kutengeneza, basi uraibu wake umekwisha kuwa kazi ya adili, ajapokuwa hajui jina lake. Ikiwa hawezi kujizuia, diski ingekuwa salama zaidi katika jalada lake, ikiendelea kuoza kwa unyofu.